Daftari la Kwanza la Walburga

Benigna alinikuta kwenye shimo la matofali, Jumanne alasiri. Akapiga magoti ukingoni, akasema shikamoo baba. Hapo nikajua kuna jambo. Binti yangu akiwa hana jambo husalimia amesimama, kwa sababu miguu inamuuma. Miaka sita ya wodini si mchezo.

"Marahaba. Sema."

"Nataka kuacha wodi, baba."

Nikaendelea kukanyaga tope. Nikamwambia kama amechoka apumzike, lakini mtu haachi jembe kwa sababu mgongo unauma.

"Siachi uuguzi. Kuna mradi umefungua ofisi mjini. Wanatafuta wauguzi wa kuwafuatilia wagonjwa wakishatoka hospitali. Mtu ana presha, anatibiwa zahanati, anapewa rufaa, anarudi nyumbani, hapo katikati anapotea. Sasa kila muuguzi atapewa watu wake. Atajua huyu ametoka wapi, kapewa nini, anatakiwa kwenda wapi. Wanaiita usimamizi wa kesi."

"Kesi mimi naijua ya Mahakama ya Mwanzo, nilipopelekwa na jirani kwa ajili ya nguruwe wangu. Leo na mgonjwa naye amekuwa kesi?"

"Ni jina tu, baba."

"Majina ndiyo wanayoyaweza. Kumhudumia mtu kunawashinda, kumpa jina jipya wanaweza. Na wewe unataka kwenda kukaa nao kwenye viti."

 Akaniambia usaili ni Ijumaa, na kila mwombaji ametakiwa kuja na habari ya mgonjwa mmoja anayemfahamu, aliyepotea kati ya mlango mmoja na mwingine, pamoja na karatasi zake.

"Nataka kwenda na mama," akasema.

Miguu yangu ikasimama yenyewe ndani ya tope.

"Mama yako amelala makaburini kwenye kigango. Hajaomba usaili."

"Nataka daftari lake. Lile lililobaki. Na lile la kwanza nitaeleza kwamba hospitali walilipoteza, ndiyo maana daktari hakujua."

Huku kwetu mgonjwa hutembea na daftari la shule. Hilo ndilo faili lake: daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani, siku nyingine unaenda nalo. Walburga alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la zahanati, la miaka mingi. Humo, kwa kalamu nyekundu, muuguzi wa zahanati aliandika kwamba mama huyu asichomwe penisilini tena, maana alichomwa mara moja akavimba midomo na kuota madonda mwili mzima. La pili ni lile nililokwenda nalo hospitali kubwa mjini, miaka minne iliyopita, alipobanwa na kifua. Hospitali sitaitaja. Walimchoma penisilini. Jua halijazama nikawa mgane, na daftari lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa.

Kwa miaka minne nimemwambia kila mtu, kwenye jumuiya, kilabuni, hata kwa padre, kwamba hospitali walilipoteza daftari la kwanza. Benigna wakati ule alikuwa amepangiwa kazi Tunduru, akafika kesho yake na basi. Naye nilimwambia hivyo hivyo.

Daftari halikupotea. Lilikuwa jikoni kwangu, kwenye kichanja juu ya moshi, ndani ya fungu la mahindi ya mbegu. Lilikuwepo nyumbani siku ile anakufa na lilikuwepo Jumanne ile binti yangu amepiga magoti.

"Niache nifikirie," nikamwambia.

"Ufikirie nini, baba? Si daftari tu?"

"Nimesema niache."

Kesho yake akanitumia askari. Askari mwenyewe ni Lidwina, dada mkubwa wa marehemu, mlamu wangu, matroni mstaafu. Aliwahi kuongoza wodi ya akina mama miaka kumi na minane na mpaka leo anatembea kama anayekagua vitanda. Alishuka kwenye bodaboda, Benigna nyuma yake, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Mlamu, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, mlamu. Wewe ndiye mkubwa."

"Unapumua kama ng'ombe wa plau. Presha umepima lini?"

"Sipimi. Wakishapima wanaandika, wakishaandika wanaua."

Akavuta kigoda, akachukua ungo wa maharage niliouacha, akaanza kuchambua bila kuombwa. Akasema amekuja kuongea na mtoto mbele ya baba yake ili nisije nikasema nilitengwa.

"Benigna, nisikilize. Barua ya kuacha kazi usiiandike kabla hujaishika mkononi barua ya kuajiriwa. Maneno ya kwenye simu hayana mhuri. Nimeona wasichana wangu wawili wamelia kwa hilo."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mradi wenyewe wa miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Wa nne utakuwa wapi?"

"Atakuwa hapa ananikanyagia tope," nikasema.

"Tope litakuwa limekumaliza mwenyewe. Benigna, leseni yako uihuishe kila ikifika wakati wake, hata kama hushiki sindano. Na Jumamosi moja moja uende kituo chochote wakuachie zamu, mikono isisahau. Miradi inakufa. Mikono ndiyo utakayorudi nayo."

Benigna akauliza swali ambalo nilidhani angeniuliza mimi. "Mama mkubwa, wewe ungekwenda?"

Lidwina akatupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Ningekwenda nikiwa na umri wako na mgongo wako. Lakini usidhani unakwenda kupumzika. Wodini mgonjwa akizidiwa unamwona. Huko utapiga simu, ataitika mtoto, mama yuko shambani, kumbe mama amelala ndani hawezi kuinuka. Utauliza maswali kama askari na utasikiliza kama padre, na akifa hutakuwa na zamu ya kumkabidhi mwenzako. Atakuwa wako. Kwa hiyo Ijumaa, kabla hujauliza habari ya mshahara, uliza idadi. Muuguzi mmoja, watu wangapi. Wakikwambia mia mbili, jua wanatafuta karani."

"Wataniona mjeuri."

"Wakuone."

Nikacheka kwa ubaya. Nikawaambia wanapanga maneno mazuri, lakini wakubwa ni wale wale. Wanabadilisha vibao vya mlangoni tu. Leo ni hospitali, kesho mradi, na mtu wangu yuko chini ya udongo.

Lidwina akaweka ungo chini.

"Kwa hilo umesema kweli. Mkubwa wa mradi ni Rupert."

Jina hilo nyumbani kwangu halitajwi. Rupert ndiye aliyekuwa msimamizi wa ile hospitali. Siku ile nilivunja mlango wa ofisi yake nikamwambia mmeua, mmepoteza daftari la mke wangu. Alisimama na shati lake jeupe, akasema kwa sauti ya chini, "Pole mzee. Ila daftari mlilokuja nalo ni hili moja." Nikamtemea mate mezani. Walinzi wakanitoa.

"Ndiye atakayemsaili?" nikauliza.

"Atakuwa wa katikati," Lidwina akasema. Kisha akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake waliotoroka zamu. "Mlamu, daftari la kwanza walilipoteza kweli?"

"Unaniita mwongo kwangu?"

"Nauliza. Mtoto anakwenda kusema habari hiyo mbele ya mtu aliyekuwepo."

"Walilipoteza."

Nikaingia ndani, nikatoa lile la pili kwenye sanduku la Walburga, nikamrushia Benigna mapajani. Akalipokea kwa mikono miwili. Jalada lake bado lilikuwa na karatasi ya kalenda ya parokia niliyolifunikia mwenyewe. Hakusema asante na mimi sikungoja. Wakaondoka.

Alhamisi sikwenda shimoni. Nilipanda kichanjani nikashusha fungu la mbegu, nikafungua maganda, nikalitoa.

Limekuwa jeusi kwa moshi. Lakini hata kabla ya moshi lilikuwa chafu, na hapo ndipo ubaya ulipo. Walburga alikuwa mtu wa kutumia kitu mpaka kiishe. Kurasa za nyuma aliandika nyimbo za kwaya na majina ya akina mama wa jumuiya na zamu zao za kufagia kigango. Benigna akiwa mdogo alifanyia humo hesabu za kujumlisha. Jaladani kulikuwa na alama ya sufuria, na mafuta ya karanga yalikuwa yamepenya mpaka katikati.

Asubuhi ile ya kifua, Walburga alikuwa hawezi kusema, anavuta pumzi tu. Nilichukua daftari mezani nikaliangalia. Mimi niliishia darasa la nne. Kila nilipoingia ofisi ya mtu nimeangaliwa viatu kwanza. Nikajisemea, siwezi kumpelekea daktari wa mjini kitu kama hiki, atatuona washamba atatuweka mwisho wa foleni. Nikapita dukani nikanunua jipya. Nikararua ukurasa wa kalenda, nikalifunika vizuri, pembe nimezikunja kama mwalimu alivyotufundisha. Nikaandika jina la mke wangu kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijivuna, wallahi, japo mimi ni Mkristo. Nikampandisha Walburga kwenye bajaji na daftari safi.

Kalamu nyekundu ikabaki mezani.

Hospitali wakaniagiza glovu. Kama waliuliza lolote, waliuliza mimi nikiwa dukani, na aliyeulizwa hana sauti. Niliporudi sindano ilikuwa imeshaingia.

Nilikaa jikoni na lile daftari mpaka jua likaingia mlangoni. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, niliweke jikoni kwenye moto nimalize, Benigna aende aseme uongo wangu kama ukweli wake, na Rupert amwambie mbele ya watu, binti, daftari mlilokuja nalo ni hili moja. Atatoka pale mwongo, na kazi atakuwa ameikosa kwa mdomo wangu. Ya pili unaijua.

Usidhani niliamua kwa wema. Niliamua kwa hasira. Niliona bora niaibike mimi kuliko Rupert apate raha ya kumkosoa mtoto wa Walburga.

Ijumaa nilivaa koti la msibani. Ofisi ya mradi ni nyumba ya kupanga yenye rangi mpya, mabenchi barazani, wauguzi kama kumi wamekaa wameshika bahasha. Msichana wa mezani akaniuliza kama nimekuja kusailiwa. Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Nikamuuliza Benigna yuko wapi, akaonyesha mlango kwa kidole kabla hajakumbuka kwamba hakutakiwa.

Nilipousukuma, Benigna alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu, daftari la kalenda limefunguliwa mkononi. Rupert alikuwa katikati, nywele zimekuwa nyeupe, kushoto kwake mama mmoja mwenye miwani.

"…la kwanza lilipotelea hospitalini," Benigna alikuwa anasema.

"Una uhakika na hilo?" Rupert akauliza. Aliuliza polepole, na nikaona alishajua anamuuliza nani.

"Hana," nikasema. "Mwenye uhakika ni mimi."

Benigna akageuka. Mama wa miwani akaanza kusema mzee subiri nje, Rupert akamnyamazisha kwa mkono.

"Mzee Thadei," akasema.

"Kumbe unanijua. Haya." Nikaliweka daftari jeusi mezani, juu ya karatasi zao nyeupe. Vumbi la maganda ya mahindi likamwagika. "Halikupotea. Nililiacha nyumbani mimi mwenyewe kwa sababu lilikuwa chafu. Nikanunua zuri. Binti yangu hakujua. Nilimdanganya kama nilivyowadanganya wengine wote. Kama kuna mwongo humu ndani ni mimi, yeye msimwandike."

 Benigna alinyoosha mkono akalichukua, akafungua moja kwa moja kwenye ile kalamu nyekundu, kama aliyekuwa anajua ukurasa. Akasoma. Akalifunga.

Rupert alitoa pumzi. Niliiona ile pumzi, ya mtu aliyetuliwa mzigo, na damu ikanipanda.

"Usipumue," nikamwambia. "Bado. Mlipokea mwanamke wa miaka hamsini na mbili na daftari jipya, ukurasa wa kwanza mweupe. Mtu wa umri huo amezaliwa leo? Hajawahi kuumwa? Hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza, mama huyu alikuwa anatibiwa wapi? Mimi nimeishia darasa la nne. Ninyi mliishia wapi?"

 Nje mtu alikohoa.

"Hatukuuliza," Rupert akasema. "Nimekaa na hilo miaka minne, mzee. Mradi huu nimeuomba kwa sababu ya hilo na mengine kama hilo."

"Usinipe habari ya moyo wako. Nijibu hesabu. Hapa muuguzi mmoja atabeba watu wangapi?"

Rupert akamwangalia mama wa miwani. Mama akafungua karatasi. "Tumepanga mia moja na themanini."

"Basi mtawaua kwa simu," nikasema. "Mmehama nyumba tu."

Hapo ndipo Benigna aliposema. Sauti yake ilikuwa kavu, na haikuwa yangu wala ya Lidwina.

"Mia moja na themanini sitaweza kuuliza swali ambalo baba anasema hamkuuliza. Sitini naweza. Mkiandika sitini kwenye mkataba nitakuja. Msipoandika nitabaki wodini, huko angalau nawaona."

"Sitini ni kidogo sana," mama wa miwani akasema.

"Ndiyo," Benigna akasema. Akayachukua madaftari yote mawili, akayatia kwenye mkoba, akawaaga kwa heshima akatoka.

Nilimfuata mpaka barabarani. Nikamwambia, mwanangu. Hakusimama. Nikamwambia tena. Akasimama, akageuka.

"Baba, miaka minne nimechoma watu sindano, na kila sindano nilimlaani mtu nisiyemjua."

"Yule mtu alistahili."

"Labda. Lakini hakuwa peke yake." Akapunga mkono, bajaji ikasimama, akapanda. Nafasi ya pili ilikuwa wazi. Hakuniita. Nilirudi nyumbani Mshangano kwa miguu.

Walimpigia baada ya wiki mbili. Sabini, kwa maandishi. Hilo nililisikia kwa Lidwina, ambaye alikuja kunitukana vizuri kabisa, tena akiwa amekaa kwenye kigoda changu, akanywa chai yangu na kuniambia mimi ni mpumbavu mwenye mwandiko mzuri.  Aliniburuta kituo cha afya wakanipima presha. Ilikuwa juu. Wakanipa dawa na siku ya kurudi. Sikurudi.

Benigna aliacha kuja Jumapili. Miezi mitano. Nikawa namsikia kwa watu: kwamba yuko mtaa wa pili, kwamba amemfuata mama mmoja mpaka shambani, kwamba akiingia nyumba ya mtu anataka madaftari yote, hata yaliyofunikia chungu, hata yenye mafuta, na asiyeyaleta haondoki. Wengine wanamwona kero. Nilipowasikia wakisema hivyo kilabuni niliwatukana, na hilo sikumwambia.

Mvua zilipoanza alikuja. Hakupiga magoti. Alisema shikamoo amesimama, na sikujua kama ni miguu au ni mimi. Akakaa kwenye benchi, si kwenye kigoda cha nyumbani, akatoa fomu.

"Jina lako limetoka kituo cha afya. Mgonjwa wa presha aliyekatisha kliniki. Ningeweza kumpa mwenzangu."

"Ungempa."

"Nimekuja." Akabonyeza kalamu. "Wewe ni wa sitini na nane. Daftari liko wapi?"

Nikaingia ndani nikamletea. Akafungua, akakuta ukurasa mmoja tu umeandikwa. Akapapasa jalada. Lilikuwa safi.

"La zamani?"

"Ndilo hilo."

Hakunyanyua macho. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya fomu, na mvua inapiga bati, na mimi nimesimama mbele ya mwanangu kama mtu wa foleni.

"Baba."

Nikaenda jikoni nikapanda kichanjani kulishusha langu.